Kutoka Dar es Salaam Hadi Jeddah: Ni Mbali Kiasi Gani, na Ni Muda Gani?



Makala hii imetokana na swali la mtoto. Siku moja baada ya somo la fiqhi, msichana mmoja wa darasa la wadogo alisimama akasema kuwa bibi yake amejaaliwa nafasi ya kwenda Hijja, na yeye anataka kujua: "Ustadh, Jeddah ni mbali kiasi gani?" Kabla sijafungua mdomo, mvulana wa nyuma akadakia, "Saa nne na nusu!" Mwenzake akamkosoa, "Si saa, ni kilomita elfu tatu na kitu!" Darasa likagawanyika pande mbili, kila upande ukiona wenzao wamekosea. Niliwaacha wabishane kidogo, maana ubishi ule ulikuwa na faida ndani yake.

Wote wawili walikuwa sahihi, ila kila mmoja alijibu swali lake. Masafa ni urefu wa njia baina ya mahali na mahali. Muda ni kiasi cha wakati unaopita ukiwa njiani. Sisi katika mazungumzo yetu tunavichanganya viwili hivi kila siku. Tunasema Morogoro ni saa tatu na zaidi, tukikusudia kwa basi. Ilipoanza treni ya umeme ya SGR mwaka 2024, Morogoro ikawa chini ya saa mbili. Mji haukusogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni chombo.

Kwa mtu anayekwenda shambani kuchanganya huku hakuna madhara. Kwa msafiri wa Hijja au Umra, au aliyefunga akiwa safarini, jambo ni zito zaidi, kwa sababu sheria imefungamanisha hukumu fulani na masafa, nyingine na mahali, na nyingine na jua. Asiyejua ipi imefungwa na nini anaweza kufika Jeddah ameshaharibikiwa na jambo lisilorekebishika kirahisi. Basi tuanze na masafa, kisha muda, halafu tuone ibada inasimama wapi.

KUPIMA KWA KALAMU NA KARATASI

Mwenyezi Mungu ametujaalia sisi watu wa mwambao huu jambo la ajabu ambalo wengi hatulijui. Chukueni ramani ya dunia, wekeni kidole juu ya Dar es Salaam, kisha kipandisheni moja kwa moja kuelekea kaskazini. Kitapita Kenya, Ethiopia, Eritrea, kitavuka Bahari ya Sham, na kitatua Jeddah. Hamtahitaji kukipeleka kulia wala kushoto.

Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere uko kwenye latitudo ya nyuzi 6 na dakika 53 kusini ya Ikweta, na longitudo ya nyuzi 39 na dakika 12 mashariki. Uwanja wa King Abdulaziz wa Jeddah, uliofunguliwa mwaka 1981, uko nyuzi 21 na dakika 41 kaskazini, na longitudo ya nyuzi 39 na dakika 9 mashariki. Tazameni hizo longitudo: zinatofautiana kwa dakika 3 tu, yaani kama kilomita 5. Hii ni bahati kubwa kwa mwanafunzi, kwa sababu viwanja viwili vikiwa kwenye longitudo moja, hesabu yake inakuwa ya kujumlisha na kuzidisha tu.

Kwa kuwa uwanja mmoja uko kusini ya Ikweta na mwingine kaskazini, tunajumlisha latitudo zake. Nyuzi 6 na dakika 53, ongeza nyuzi 21 na dakika 41, unapata nyuzi 28 na dakika 34. Kila nyuzi moja ina dakika 60, kwa hiyo 28 mara 60 ni 1,680, ongeza 34, jumla ni dakika 1,714. Hapa ndipo mabaharia walipotufanyia wema: maili moja ya baharini ilitokana na urefu wa dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia. Kwa hiyo dakika 1,714 ni maili za baharini 1,714, bila hesabu nyingine yoyote. Maili ya baharini ni mita 1,852. Zidisha, utapata kilomita 3,174.

Wenye vyombo vya kisasa watakwambia ni kilomita 3,160 hivi. Hizo kilomita 14 zimekwenda wapi? Hujakosea hesabu. Hesabu yetu imechukulia kuwa dunia ni mviringo kamili kama mpira, kumbe imebonyea kidogo kwenye ncha zake mbili, na kwa sababu hiyo nyuzi moja ya latitudo karibu na Ikweta ni fupi kidogo kuliko nyuzi moja karibu na ncha. Kukosea kilomita 14 katika 3,160 kwa kalamu na karatasi si kosa la kuonewa aibu. Wale waliofika kidato cha tatu wakakutana na mada ya dunia kama tufe katika hisabati, na wakaiona ngumu, waijaribu tena kwa mfano huu.

Elimu hii si ngeni katika Uislamu, na ni vizuri vijana wetu walijue hilo, maana wengi hudhani ramani na vipimo ni mambo yaliyoletwa na wakoloni. Zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala Baghdad kuanzia mwaka 813 hadi 833, wataalamu walitumwa kwenye uwanda wa jangwa la Sinjar, Iraq, wakatembea kaskazini na kusini wakipima kwa kamba huku wakitazama urefu wa nyota, mpaka wakapata urefu wa nyuzi moja: maili 56 na theluthi mbili za Kiarabu. Wanaokadiria maili ile kuwa karibu kilomita mbili wanaona kuwa kipimo hicho kilikaribia sana cha leo.

Baada yao akaja Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 huko Khwarazm. Yeye aliona kutembea jangwani ni taabu isiyo lazima. Katika ngome ya Nandana, ambayo leo iko Pakistan, alipanda mlima, akapima pembe ndogo ambayo upeo wa macho unashuka chini ya usawa wa jicho, na kwa pembe hiyo pamoja na urefu wa mlima akakokotoa ukubwa wa dunia nzima. Ishikeni habari ya mlima huu, tutairudia tukiwa ndani ya ndege. Na mwaka 1025 alikamilisha kitabu chake kiitwacho Tahdid, ambamo alitafuta mahali sahihi pa miji na masafa baina yake. Sababu mojawapo kubwa iliyomsukuma ni kutafuta qibla cha mji wa Ghazna. Alichukua masafa ya njia za misafara, akayapunguza kwa sababu njia ya ngamia ina mikunjo, kisha akafanya hesabu. Kazi ya kutafuta masafa ya ndege na kazi ya kutafuta qibla ni kazi moja, kwa kuwa zote mbili zinatafuta njia fupi kabisa juu ya uso wa tufe.

Mfano wa ndugu zetu walioko Marekani unalionyesha hili vizuri. Kwenye ramani ya ukutani, Makka inaonekana iko kusini mashariki ya New York. Lakini chukueni mpira, muweke alama mbili za miji hiyo mahali pake, mvute uzi baina yake uwe mkavu. Uzi utaondoka New York ukielekea kaskazini mashariki, uvuke Atlantiki, upite kusini mwa Ufaransa, Italia, Bahari ya Kati na Misri. Njia hiyo ni kama kilomita 10,200 hadi Jeddah. Ndiyo maana Waislamu wengi wa New York huswali wakielekea kaskazini mashariki, jambo ambalo liliwahi kuleta mabishano misikitini kwa sababu ya watu kuiamini ramani bapa ya ukutani.

Sisi wa Dar es Salaam tumepumzishwa. Qibla chetu ni kaskazini, kikiegemea mashariki kwa nyuzi moja hivi. Na ndege inayokwenda Jeddah moja kwa moja inaelekea huko huko, kwa hiyo abiria aliyekaa kitini kwake amekielekea qibla kwa sehemu kubwa ya safari, mpaka anapokaribia kufika.

MUDA NI JAMBO JINGINE

Sasa tuje kwenye saa. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani huenda mwendo wa kilomita 830 hadi 900 kwa saa. Tuchukue 850. Gawanya 3,160 kwa 850, unapata muda wa saa 3 na dakika 43. Lakini ndege haianzi na mwendo huo. Inatambaa chini kwenda kwenye njia ya kurukia, inapanda polepole, na mwisho inashuka polepole na kuzunguka ikisubiri zamu ya kutua. Ongeza nusu saa hadi dakika arobaini na tano, ndiyo ile saa nne na nusu ya mvulana wetu.

Hayo ni kwa ndege isiyosimama njiani. Mahujaji na wafanya Umra wengi wa kwetu hupitia mji mwingine, na hapo ndipo masafa na muda vinapoachana kabisa. Anayepitia Addis Ababa anasafiri jumla ya kilomita 3,170 hivi, karibu sawasawa na yule aliyekwenda moja kwa moja, kwa sababu Addis Ababa nayo iko juu ya mstari ule ule. Anayepitia Dubai anakwenda kwanza karibu kilomita 3,980 kuelekea kaskazini mashariki, kisha anarudi magharibi kilomita 1,700. Jumla yake inakaribia kilomita 5,700. Amelipa nauli nafuu pengine, lakini amesafiri zaidi kwa kilomita 2,500. Hata hivyo anaweza kufika mapema kuliko wa Addis Ababa ikiwa huyo wa Addis amesubiri ndege ya pili usiku kucha. Tiketi huandika saa. Kilomita haziandikwi, na mtu mzima mwenye miguu inayovimba anapaswa kuulizia vyote viwili, hasa muda wa kusubiri.

Upepo nao una sehemu yake. Juu sana angani kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa katika maeneo yaliyo mbali na Ikweta. Ndege itokayo New York kwenda Jeddah husukumwa na upepo huo, na ikirudi hupambana nao, hata safari ya kurudi huwa ndefu zaidi kwa muda wa saa moja na nusu au mbili, masafa yakiwa yale yale. Njia yetu ya kusini na kaskazini inaukata upepo huo ubavuni, na sehemu yake kubwa iko karibu na Ikweta, basi tofauti ya kwenda na kurudi ni ndogo. Kuna na vita. Vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, anga ya nchi ile ilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege zilizokuwa zikipita juu yake zikalazimika kuzunguka. Kilomita zikaongezeka na muda ukaongezeka, wala viwanja havikuhama.

Babu zetu waliokwenda kwa majahazi walingoja msimu wa kusi ili uwapeleke kaskazini na msimu wa kaskazi uwarudishe, na hali Hijja haimngoji mtu, kwa kuwa kila mwaka inatangulia kwa siku kama 11. Kwao masafa haya haya yaliliwa na miezi. Mtu aliaga kama anayeandika wasia wake, na wengi waliandika kweli.

Nawakumbusha jambo moja dogo lililowaponza wengi. Tiketi za ndege huandikwa kwa saa za kimataifa zinazoanza usiku wa manane, si kwa saa zetu za Kiswahili. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alisomewa tiketi na mjukuu wake: "Babu, ndege ni saa nne na nusu." Kilichoandikwa ni 04:30. Mzee akaoga, akaaga majirani, akafika uwanjani saa tatu asubuhi akiwa na furaha ya kuwahi. Ndege ilikuwa imeondoka saa kumi na nusu alfajiri, na kwa saa ile watu wake walikuwa wameshatua. Alhamdulillah ilikuwa Umra, akapata nafasi nyingine baada ya kulipa faini. Ingekuwa Hijja, sijui angepata lini. Basi enyi mnaojua kusoma, mnapowasomea wazee tiketi, toeni sita au ongezeni sita, na mtaje kama ni alfajiri, mchana au usiku.

Ama saa ya ukutani, Jeddah na Dar es Salaam ni moja. Ukifika huna haja ya kugusa saa yako. Na kwa kuwa longitudo zinakaribiana, hata jua linafika katikati ya mbingu karibu kwa wakati mmoja: adhuhuri ya Makka inatangulia ya Dar es Salaam kwa dakika mbili au tatu tu. Kuna siku mbili za mwaka ambazo jua husimama wima juu ya Al-Kaaba, tarehe 27 au 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6 na dakika 27 mchana. Saa hizo ni za Makka, nazo ndizo saa zetu. Toka nje wakati huo, elekea upande wa jua, umeelekea qibla.

Lakini adhuhuri kukaribiana hakufanyi magharibi kukaribiana. Makka iko mbali zaidi na Ikweta, kwa hiyo mwezi Juni mchana wake ni mrefu kuliko wetu, na Desemba ni mfupi kuliko wetu. Ramadhani ya mwaka 1437 iliangukia Juni 2016. Aliyeanza kufunga Dar es Salaam na kufika Jeddah mchana ule aliwakuta watu wanafuturu kama dakika 50 baada ya wa nyumbani kwake kufuturu, ingawa saa ya mkononi ilikuwa ile ile.

IBADA IMEFUNGWA NA NINI?

Tuanze na swala ya kupunguza. Hii imefungwa na masafa. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo wengi wetu huku pwani tunayafuata, masafa ya kupunguza swala ni marhala mbili, yaani farsakh 16, ambazo wanazuoni wa sasa hukadiria kati ya kilomita 80 na 90. Ndege inayamaliza masafa hayo kwa dakika zisizozidi kumi. Wanafunzi huniuliza: je, ruhusa bado ipo na hali msafiri hakuona taabu yoyote, amekaa kwenye kiti anakunywa juisi? Ipo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj alishaeleza kuwa bahari katika hukumu hii ni kama nchi kavu, na aliyeyakata masafa hayo baharini kwa saa moja anapunguza swala vile vile. Hakuwahi kuona ndege, lakini kanuni aliyoieleza inaienea ndege: kinachotazamwa ni masafa, haraka ya chombo haitazamwi.

Angalieni tu kuwa safari huanza mtu anapoacha majumba ya mji wake. Uwanja wa Julius Nyerere uko ndani ya jiji. Mkazi wa Kariakoo au Temeke anayeswali adhuhuri kwenye chumba cha swala pale uwanjani bado yuko mjini kwake, basi aswali rakaa nne.

Mfungo umefungwa na jua, na jua lenyewe ni lile unaloliona wewe ulipo. Hapa turudi kwenye mlima wa al-Biruni. Aliona kuwa aliye juu upeo wake wa macho unashuka chini. Ndege inayoruka kilomita 11 juu ya ardhi ni mlima ulio mrefu kuliko mlima wowote duniani, na upeo wa macho wa abiria wake unashuka kwa nyuzi 3 na zaidi. Matokeo yake ni kuwa jua linachelewa kumzamia kwa karibu robo saa, kuliko linavyowazamia watu walio chini yake moja kwa moja. Kwa hiyo inatokea mtu anatazama chini anaona taa za mji zimewaka, anajua kuwa wale wameshafuturu, na jua bado liko dirishani kwake. Huyo asifuturu kwa saa ya wale wa chini. Akifuturu kabla jua lake halijazama, na alikuwa amekusudia kumaliza saumu yake, ameiharibu kwa dakika chache. Akiona vigumu, msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, maadamu masharti ya safari yametimia. Lakini aliyefuturu ardhini baada ya jua kuzama, kisha ndege ikaruka akaliona tena, saumu yake imeshatimia, asiwe na wasiwasi.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi, nalo ni miqati. Hii imefungwa na mahali. Mtume (s.a.w.) aliwawekea watu wa kila upande mahali pao pa kuhirimia: Dhul-Hulayfa kwa watu wa Madina, Juhfa kwa watu wa Sham, Qarn al-Manazil kwa watu wa Najd, na Yalamlam kwa watu wa Yemen. Atokaye kusini kwa ndege kupitia juu ya Bahari ya Sham huwa sambamba na Yalamlam kabla ya kufika Jeddah. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Amman, liliamua kuwa wajao kwa ndege au meli wanatakiwa kuhirimia wanapokuwa sambamba na miqati. Wapo wanazuoni walioona kuwa inatosha kuhirimia Jeddah, lakini msimsubirishe mzee mpaka Jeddah kwa kutegemea kauli hiyo bila ya kumuuliza sheikh wenu.

Sasa fanyeni hesabu. Kutoka usambamba wa Yalamlam hadi uwanja wa Jeddah ni kama kilomita 130. Ndege inayokwenda kilomita 850 kwa saa inakula kilomita 14 kwa kila dakika. Hata ikishapunguza mwendo kwa ajili ya kutua, muda wote uliobaki hapo ni wa kuhesabika kwa vidole vya mikono miwili, au zaidi kidogo. Msafiri wa ngamia alifika Yalamlam, akashuka, akaoga, akajipaka manukato, akavaa, akaswali, akatia nia. Msafiri wa ndege akisinzia kidogo, Yalamlam imepita. Akipita bila nia na hali anakusudia Hijja au Umra, inamlazimu arudi kwenye miqati, na asiporudi alipe fidia ya kuchinja.

Namkumbuka mzazi mmoja aliyetuhadithia kisa chake. Alizipanga shuka zake za ihramu vizuri sana, zimepigwa pasi, ndani ya sanduku kubwa. Sanduku likapokewa na wenye mizigo likaingia tumboni mwa ndege. Rubani alipotangaza kuwa miqati imekaribia, mzee wa watu amevaa kanzu na kofia, shuka ziko chini ya miguu yake na hana njia ya kuzifikia. Aliyekaa kiti cha pembeni alikuwa na shuka mbili za akiba kwenye mkoba wa mkononi. Akampa zote mbili. Mzee akaenda msalani kwenye kijichumba kile kisichotosha hata kugeuka, akabadili, akarudi anatoa talbiya huku machozi yanamtoka.

Kwa hiyo wale wanaopanda ndege ya moja kwa moja wavae shuka zao nyumbani au uwanjani Dar es Salaam kabla ya kupanda. Kuvaa shuka peke yake hakumuingizi mtu katika ihramu, kinachomuingiza ni nia. Akiwa angani asikilize tangazo, ambalo kwa kawaida hutolewa mapema, na atie nia. Akiogopa usingizi au kelele, kwetu sisi Mashafi'i kutangulia kuhirimia kabla ya miqati kunasihi, basi atie nia mapema kidogo, wala asichelewe hata kidogo. Anayepitia Dubai naye anaingia Jeddah kutoka mashariki, na miqati yake ni upande wa Qarn al-Manazil, si Yalamlam. Ndiyo faida ya kujua njia ya ndege na si saa yake tu. Na anayekwenda Madina kwanza hana haja ya kuhirimia ndani ya ndege, atahirimia Dhul-Hulayfa akitoka Madina kwenda Makka.

Yule msichana alikwenda nyumbani akamhesabia bibi yake kwenye daftari: nyuzi 28 na dakika 34, maili 1,714, kilomita elfu tatu na kitu. Bibi, nilivyoambiwa, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo miqati ipo kwenye kilomita ya ngapi?" Tukaitafuta pamoja darasani siku iliyofuata. Ni baada ya kilomita kama 3,030 tangu Dar es Salaam, ikiwa imebakia safari ya kutoka hapa kwetu kufika maeneo ya Chalinze.

Zoezi kwa wanafunzi: uwanja wa ndege wa Zanzibar uko latitudo ya nyuzi 6 na dakika 13 kusini, na longitudo ya nyuzi 39 na dakika 13 mashariki. Jibu lenu likiwa kilomita 3,100 hadi Jeddah, mmepatia. Wa Mombasa uko nyuzi 4 na dakika 2 kusini, longitudo nyuzi 39 na dakika 36 mashariki. Huo wa Mombasa sikupeni jibu. Leteni hesabu zenu darasani, na kila mmoja aandike pia muda ambao ndege ya mwendo wa kilomita 850 kwa saa itautumia angani.

Wallahu a'lam.